Mwenye Chumba cha Lorne

Verna Hrycak aliendesha basi la shule mjini Nanaimo kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu akajifunza kuzamia. Alitaka kukiona chumba alicholala mumewe, Lorne, zama za ubaharia wake katika manowari. Manowari yenyewe ilizeeka, ikasafishwa, ikazamishwa makusudi iwe makazi ya samaki.

Alishuka mwezi wa Februari, maji yakiwa baridi ya kuuma meno, pamoja na mzamiaji mwenzake. Lorne, ambaye masikio yake hayakumruhusu kuzamia, alibaki botini na chupa ya chai, akingoja kuletewa picha.

Chumba alikipata. Vitanda vilishang'olewa zamani. Kwenye kona palikuwa na bonge la mayai meupe, na mbele yake samaki dume, mrefu kama mkono wa mtu. Verna alipoingiza kichwa tu, samaki alimrukia, na alipogeuka kukimbia akamng'ata pezi la kuogelea alilovaa mguuni. Akarudi juu mikono mitupu.

"Chumba chako kina mwenyewe, mzee," alisema, midomo imemfa ganzi. "Kanitimua. Analinda mayai."

"Mama yao yuko wapi?"

"Kajiendea zake. Akishataga huondoka. Baba ndiye anayebaki mpaka yaanguliwe."

Lorne akacheka, kisha akafungua chupa ya chai. Watoto wao wote watatu walizaliwa yeye akiwa baharini.

"Basi kanishinda," akasema, akimmiminia chai.

"Tena kwa mbali," Verna akajibu.

Hawakumbughudhi tena samaki yule. Verna alingoja mpaka Aprili, mayai yalipokwisha kuanguliwa, ndipo akaingia.