Pete Isiyohitaji Gundi

Saa mbili asubuhi, Mama Lenzi hajamaliza kufagia karakana yake, kijana asiyemjua anasimama mlangoni. Amekumbatia hadubini kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, mama. Napima damu zahanati. Tunayo hii moja tu, na sasa inaonyesha ukungu mtupu."

"Marahaba, mwanangu. Kesho asubuhi utaondoka nayo. Nimekuahidi."

Anaigeuza, anaguna. Imetengenezwa na kampuni ambayo yuko nayo mahakamani.

Fundi huyu wa hadubini alibuni pete ya chuma inayobana lenzi, akapewa hataza, hati ya kulinda uvumbuzi wake. Kampuni ikaiga pete, ikaongeza tone la gundi. Mahakama ikasema hati inadai lenzi "inashikwa na pete pekee", hivyo penye gundi haki yake haifiki. Amekata rufaa. Akishindwa, yeyote ataweza kuiga pete yake mradi adondoshe gundi.

Jioni anaifungua hadubini ya kijana. Gundi imekauka na kubanduka yote. Vipande vyake vimeangukia kioo cha chini, na ndivyo vinavyoleta ukungu. Lenzi haijacheza hata kidogo: inashikwa na pete peke yake.

Anampigia wakili wake, mtoto wa kaka yake, ambaye anafika akihema, tai begani.

"Shangazi, usiiguse! Tutaomba majaji waipokee ilivyo. Hii ndiyo rufaa yenyewe!"

"Nimeahidi kesho. Nitapiga picha."

"Picha watasema tumezipanga. Mgeni wako asubiri mwezi mmoja tu."

"Na wagonjwa nao wasubiri? Wewe ulipokuwa na homa ulisubiri? Ulilia mpaka jirani akahama!"

Wakili anacheka bila kupenda, kisha anainamisha kichwa. Mama Lenzi anapiga picha zake, anachukua kitambaa laini na kuanza kufuta.

"Moyo unaniuma," anasema. "Ushahidi nilioutafuta miaka sita naufuta kwa mkono wangu."

Hajakata tamaa. "Hati inasema kinachoshika lenzi ni pete. Haisemi gundi isiwepo karibu. Nitawaomba majaji waisome hivyo, na naamini watanisikia."

Asubuhi kijana anarudi na kioo chenye tone la damu, anakiweka, anainama juu ya hadubini, anazungusha kirungu cha kurekebisha picha taratibu.

"Mama, naziona chembe za damu! Moja moja!"

"Basi nenda, mwanangu. Wanakungoja."

Anamshikia mlango mpaka apite na mzigo wake.