Miezi Minane Blogu Ikiwa Kimya

Niliandika hivi: "Napumzika kidogo, wiki mbili tu, tutaonana." Nikaweka na kile kisura cha manjano kinachocheka, nikafunga kompyuta. Wiki mbili hizo zikawa miezi minane. Wapo wanaodhani nilikuwa na mpango fulani wa kuwatia watu hamu. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na aibu.

Kabla ya hapo niliandika kila Jumamosi asubuhi kwa miaka minne, hata nikiwa na malaria. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Kazi yangu ni mafaili, na mtu anayekaa na mafaili siku tano ni lazima siku ya sita aongee, la sivyo atapasuka. Niliandika mambo ya kawaida tu: vumbi la Agosti linaloingia mpaka ndani ya friji, wenzetu waliohamia na serikali wanaolalamikia maji ya chumvi huku wakinunua kiwanja cha tatu, wauza zabibu wa Makutupora wanaokuonjesha tamu halafu wanakufungia chachu.

Lakini yale yaliyopendwa zaidi yalitoka kwa mama yangu. Mama anaishi Bahi, ni mjane, ana majaruba mawili ya mpunga na mdomo usiojua kupumzika. Kila Alhamisi jioni nilimpigia simu, naye ananimwagia habari za wiki nzima: nani kavua kambale mkubwa kuliko mwanawe, mbuzi wa nani kaingia kanisani wakati wa sadaka na kala nini humo. Mimi nasikiliza, nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu naandika. Watu walinisifu kwamba nina kipaji. Kipaji kilikuwa cha mama, mimi nilikuwa na bando. Hilo sikuwahi kulisema hadharani, na nilipokea sifa zote kwa mikono miwili.

Wiki moja nikaishiwa. Alhamisi ile mtandao wa Bahi ulikuwa chini, mama hakupatikana, na Jumamosi ikafika sina kitu. Nikaamua kumwandika yeye mwenyewe. Nilieleza jinsi anavyosimama mstari wa mbele kwenye kwaya ya kanisa lake, kitabu cha nyimbo mkononi, anafunua ukurasa kabla ya wenzake, macho kwenye maandishi, sauti inatikisa mabati. Halafu nikaeleza kwamba mama yangu hajui kusoma hata herufi moja. Nyimbo zote ziko kichwani mwake. Kurasa anazijua kwa madoa: wa mavuno una doa la mafuta ya taa, wa mazishi umechanika pembeni. Siri hiyo niliijua tangu nikiwa darasa la pili, siku niliyompelekea kitabu changu anisaidie kusoma, akakishika mbali kidogo na uso, akanirudishia. "Soma wewe," aliniambia, "mimi macho yananiuma."

Niliiandika kwa mapenzi, Mungu ni shahidi. Niliona ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote, na wasomaji nao waliona hivyo, kwa jinsi walivyoisambaza. Nilikaa kitandani natazama namba zinapanda, nikajiona mtu.

Nilikuwa na hakika moja ya kijinga, kwamba Bahi hawasomi blogu. Watu wana mpunga wao, ng'ombe wao, bodaboda zao, nani ana muda? Ona basi. Mimi ninayewasema wageni kwa kutudharau, mtoto wa Bahi niliyezaliwa pale pale, niliwadharau watu wa kwetu kuliko mgeni yeyote.

Kumbe katibu wa kwaya, mama mmoja mwenye duka la vitenge na simu kubwa, alikuwa anaisoma blogu yangu kwa sauti kila Jumamosi alasiri baada ya mazoezi. Wanakwaya wanakaa kwenye mabenchi wanamenya karanga, yeye anasoma. Mama yangu alikaa hapo miaka yote minne, anazisikia habari zake mwenyewe zinamrudia, na hakuwahi kuniambia neno. Jumamosi ile pia alikuwepo. Katibu hakuwa ameipitia kwanza, na alipogundua anasoma nini alikuwa ameshafika kwenye ile herufi moja.

Jioni katibu akanipigia. "Mwanangu," akasema, "umefanya nini? Mama yako ameondoka na kitabu chake kwapani, hakuaga mtu."

Nikaifuta ile habari haraka haraka, eti nikishaifuta kwenye simu imefutika na kwenye masikio ya watu. Halafu nikampigia mama. Shikamoo, marahaba.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kwani umesema uongo?"

Akakata simu. Alhamisi iliyofuata nikapiga tena. Shikamoo, marahaba. Mvua? Imenyesha. Mpunga? Upo. Majirani? Wapo. Habari nyingine? Hakuna. Bahi nzima, ambayo haijawahi kukosa habari tangu niijue, ikawa haina habari hata moja. Hakunitukana, hakulia, alininyima maneno tu, na nawaambieni ni bora angenichapa.

Nikajaribu kuandika bila yeye. Jumamosi moja nikaandika kuhusu foleni ya benki. Nyingine bei ya vitunguu. Nilizisoma mwenyewe nikapiga miayo. Ndipo nikatangaza mapumziko, na kile kisura kinachocheka.

Mwezi wa kwanza wa mapumziko hayo wasomaji waliniulizia kwa upendo kabisa. Dada, upo? Umefiwa? Umejifungua? Mmoja alikasirika: umepata cheo, umetusahau. Sikumjibu hata mmoja, ningesema nini? Mwezi wa pili zilibaki salamu chache. Mwezi wa tatu aliyebaki anaandika chini ya ukurasa wangu alikuwa muuza dawa za nguvu za kiume, na huyo hakukosa hata wiki.

Mwenye blogu ana chumba cha nyuma ambako huona watu wangapi wamefungua na wako wapi. Kila asubuhi masijala, kabla sijagusa faili, nilikuwa nachungulia huko. Mstari wa wasomaji ulikuwa unashuka tu. Nilichojenga miaka minne kilikwisha kabla mahindi hayajakauka shambani. Siku moja nililia chooni kabisa, mtu mzima mimi, kwa sababu ya mstari. Halafu nikanawa uso nikarudi kwenye mafaili, nikamfokea mtu aliyekuja kuulizia barua yake ya uhamisho.

Mwenzangu wa masijala ni dada wa Bukoba, mtani kupita kiasi. "Unachungulia nini kila asubuhi?" aliniuliza. "Umeahidiwa ndoa?"

Nikamwambia nimebakiwa na wasomaji kumi na mmoja.

"Mmojawapo si wewe?"

Nikahesabu. Ilikuwa kweli, na nilijihesabu mara mbili, kwa simu na kwa kompyuta ya ofisi.

"Basi tisa," akasema. "Na mimi nimo. Nane."

Sikumsemesha mpaka saa ya chakula. Tulipokaa kula akaniambia kwa upole kwamba niandike tu, watu watarudi. Nikamjibu kwa ukali asioustahili. Nilimwambia hao kumi na mmoja siwalilii, ninayemtaka arudi ni mmoja, na huyo hasomi. Akanitazama, akasukuma mboga yake ya mlenda upande wangu.

Nilifikiri sana miezi ile kuhusu namba. Katika wale wa zamani kulikuwa na mmoja aliyekuwa anaonekana yuko Bahi, kila Jumamosi alasiri, mtu mmoja. Nilikuwa namcheka, namwona kama mtu aliyepotea njia. Kumbe yule mmoja alikuwa mabenchi matano ya watu na mama yangu katikati yao. Yale mamia ya mjini niliyoyaonea fahari, labda nusu yao walifungua wakiwa wanasubiri chai ichemke, wakafunga. Sijui. Najua tu kwamba niliandika miaka minne nikiwaangalia wasionijua, nikiwapa kisogo walionizaa.

Mwezi wa nane wa ukimya wangu, Jumatano moja, katibu wa kwaya akapiga tena. Nikajua mama amepatwa na jambo.

"Nimekupigia kukupongeza," akasema. "Ile ya juzi, ya jogoo wa mchungaji, tumecheka mpaka karanga zikamwagika. Ila siku hizi unaandika fupi. Ongeza kidogo."

"Mama katibu, shikamoo kwanza. Jogoo gani? Mimi sijaandika kitu tangu mwaka jana."

"Najua," akasema. "Njoo Jumamosi. Na usimwambie mama yako kwamba unakuja."

Nilifika Bahi saa kumi kasoro. Nje ya kanisa kulikuwa na bodaboda sita zimeegeshwa na wenyewe wameegemea ukuta karibu na madirisha, nikadhani kuna msiba. Katibu alikuwa ananisubiri mlangoni. Akaweka kidole mdomoni, akanivuta pembeni pale ambapo ningeweza kuona ndani.

Mabenchi yalikuwa yamejaa, na wengine hawakuwa wanakwaya. Mbele, kwenye kiti cha mchungaji, alikaa mama yangu. Alikuwa amevaa miwani ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Mkononi alishika simu yake, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, ambayo haiwezi kufungua blogu hata ukiipigia magoti. Aliishika mbali kidogo na uso. Alikuwa anasoma.

"Ulipoacha kuandika," katibu alininong'oneza, "watu wakaanza kusema. Kwamba mama yako amekufunga mdomo. Kwamba mtoto ameshindwa kazi. Yeye mwenyewe alikuwa hajakanyaga hapa Jumamosi tatu. Ya nne akaja, akakaa hapo mbele, akatoa hiyo simu. Akasema, mwanangu ameandika, leo nasoma mimi."

"Na ninyi mkafanyaje?"

"Tufanyeje? Tukamenya karanga tukasikiliza. Tangu siku hiyo hajakosa wiki."

Looh! Habari zote alizoninyima kwenye simu, kumbe alikuwa anazileta hapa. Kila mtu mle ndani alijua hajui kusoma, mimi ndiye niliyewatangazia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka mahali pasipo pa kucheka. Blogu yangu ilikuwa inakufa mjini huku Bahi inajaza mabenchi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikabaki nimeshika fremu ya mlango.

"Anasema hapa," mama alikuwa anaendelea, kidole kikitembea juu ya kioo kidogo, "anasema yeye yuko Dodoma mjini, kazi yake mafaili. Anasema mama yake alimnunia. Na anasema mama yake ana haki ya kununa."

"Ana haki," akadakia mama mmoja wa benchi la nyuma.

"Subiri, sijamaliza. Anasema na yeye ana kiburi. Kutoka mjini mpaka hapa ni karibu, lakini miezi minane hajafika. Anapiga simu tu. Mvua imenyesha? Mpunga upo? Mvua, mpunga, mvua, mpunga, kama bwana wa hali ya hewa. Anasema hajui kwamba mama yake kila Alhamisi anaoga mapema, anakaa na simu mapajani, anangoja mtoto aseme neno jingine."

Nikasikia karanga zimenyamaza.

Sijui nilitoa sauti gani, lakini vichwa viligeuka. Mama naye akainua macho juu ya miwani, akaniona. Hakushtuka. Hakuficha simu. Alinitazama kama mtu anayetazama mboga iliyochelewa kufika jikoni.

"Mwenyewe huyo," akawaambia watu. "Mpisheni."

Nikapita katikati ya mabenchi na viatu vyangu vya ofisini, nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, halafu akanipa simu. "Soma wewe, mimi macho yananiuma."

Kioo kilikuwa kinaonyesha saa tu, saa kumi na robo. Nikasimama nikawageukia watu, nikaishika simu kama alivyoishika yeye.

"Anasema hapa," nikaanza, "anasema alikosea. Anasema aliuza kitu cha mama yake bila kumuuliza, kwa watu asiowajua, ili wamsifu. Anasema kila alichowahi kuandika kizuri kilikuwa cha mama yake."

Nikakwama. Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kwenye vitufe. Mama akanyoosha shingo, akaitazama ile simu, akanitazama mimi.

"Umeruka mstari," akasema. "Rudia tangu mwanzo, na upaze sauti, wale wa dirishani hawasikii."