Kiganja kwenye Libaya la Kilio

Godelive anauza makala, yaani mkaa, mtaani Mudzipela, kwenye njia inayoteremka kuelekea sokoni. Ni mama mrefu, haongei sana, na mikono yake haitakati hata siku ya misa. Mume wake, Tharcisse, alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Nizi. Shimo lilimporomokea na maiti yake haikuonekana. Familia ilizika jeneza lenye koti lake tu. Tangu siku hiyo Godelive huvaa libaya, yaani blauzi, na kikwembe cha kujifunga kiunoni, vyote vyeusi.

Mwaka wa kilio ulipokaribia kwisha, shemeji yake Sébastien alipanga siku ya kutoa matanga. Siku hiyo mjane huvua nguo nyeusi, zinachomwa, na hakuna anayemtafuta marehemu tena. Godelive alikubali, ila moyoni bado alijiuliza kama Tharcisse alikufa kweli.

Wiki ile alikwenda kuchaji simu kwa Prudent, fundi wa kartie ya Lumumba, mtaa wa jirani. Prudent alikuwa amenunua kamera ndogo kama kifungo cha koti, akaiunga kwenye kompyuta isiyozidi ukubwa wa pakiti ya biskuti, ili ilinde duka gizani. Alikuwa akiijaribu mchana. Kwenye skrini, majani ya mgomba wa jirani yalikuwa meupe kama yamepakwa unga. Godelive alipopita mbele ya kamera, vijana waliongoja simu zao wakapasuka kucheka.

"Mama Godelive, kumbe weye iko bibi-arusi!"

Nguo yake nyeusi ilionekana nyeupe.

"Usiogope, mama," Prudent alisema. "Kamera zingine ziko na kioo cha kuzuia mwanga ule macho yetu hayaone. Hii haina. Rangi ya nguo yako inarudisha ule mwanga. Makala yenyewe ndiyo inabakia nyeusi."

Godelive akageuka aende zake. Kicheko kikakatika, naye akatazama skrini juu ya bega. Mgongoni, katikati ya mabega, palikuwa na alama nyeusi ya kiganja. Kidole cha shahada kilikuwa nusu.

Tharcisse alikatwa nusu ya kidole hicho na mashine ya kusaga mawe.

"Ni watu wanakusaidia kubeba magunia," Prudent alisema polepole. "Kidole pengine kilikunjika."

"Magunia yangu nabeba mimi mwenyewe."

Alilifua libaya mpaka povu likatoka jeupe, akalianika ndani ya nyumba, akafunga mlango kwa kufuli. Siku ya matanga, kabla ya wageni kufika, alilivaa akarudi kwa Prudent.

"Kama iko safi, nitakubali amekufa. Washa."

Mgongo ulikuwa safi. Godelive akashusha pumzi, akageuka amshukuru. Prudent akamwonyesha skrini. Juu ya kiwiko cha kushoto, kiganja cheusi kilizunguka mkono wa libaya, kama mtu anavyomshika mwenzake asiondoke. Kidole kimoja nusu.

Nyumbani, sufuria zilikuwa tayari motoni.

"Shemeki, wageni wamefika," Sébastien alisema. "Toa nguo, tumalize."

"Sitoi."

"Unangojea nani? Mufu?"

"Bado hajaniachilia."

Wageni walikula, wakaondoka. Hadi leo Godelive amevaa nyeusi. Mimi hununua makala kwake. Anaponinyooshea mfuko, ninatazama juu ya kiwiko chake. Sioni alama yoyote, ni weusi tu. Lakini kitambaa kimejikunja pale, kama kimebanwa.