Kiti cha Gari Lisilokwenda Popote

Jirani yangu wa Nyakasanza, mtaa wa mji wa Bunia, alikuwa na gari zuri kuliko yote niliyowahi kuyagusa, na gari hilo lilikuwa likimuumiza mgongo bila kusogea hata hatua moja.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, ambaye kabla njia hazijafungwa alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Mongbwalu. Gari alilitoa Kampala: jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi yenye rangi ya chai ya maziwa. Vita vilipoingia mjini, watu wenye silaha walianza kupita parsele kwa parsele, kiwanja kwa kiwanja, wakichukua kila kitu chenye magurudumu. Yeye akawahi. Aling'oa magurudumu yote manne akayaficha chini ya magunia ya mahindi, akaliweka gari juu ya matofali nyuma ya nyumba, akalifunika kwa shitingi, turubai la plastiki. Waliokuja walifunua, wakatazama, wakaenda zao.

Batri hakuitoa, kwa sababu ya redio. Redio ya gari ilikamata stesheni za mbali kuliko ile ya nyumbani, na batri ikichoka aliipeleka kwa jirani mwenye jenereta. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliinua pembe moja ya shitingi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha dereva mpaka jua lipoe. Alikuwa akisikiliza habari za vita ambavyo sisi wengine tulivisikia moja kwa moja kutoka upande wa milima.

Mimi nilikuwa fundi wa kushona. Mume wangu alikuwa amekwama Kisangani tangu njia zikatike, na masini yangu ilikaa barazani, ukuta kwa ukuta na parsele yao. Siku moja mke wa jirani alikuja na kitambaa kizito mkononi.

“Mama fundi, nishonee kusen moja ya nguvu,” akasema. “Muzee mugongo inamuuma sana. Akitoka mu gari anatembea sawa mutu mwenye amebeba gunia ya muhogo.”

“Gari gani, mama? Si ile iko juu ya matofali?”

“Njo mule anashindaka,” akajibu, wala hakucheka.

Niliushona ule mto kwa uangalifu, nikaujaza vipande vya sponji na mabaki ya vitambaa mpaka ukawa mnene kama mkate. Siku ya tatu mwenyewe aliurudisha. Alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka kiunoni.

“Sasa kichwa inagonga juu,” akaniambia kwa upole. “Mugongo iko vile vile, na shingo nayo imeanza.”

Kwanza niliona haya. Halafu nikaanza kujiuliza. Mteja akirudisha gauni, mimi silitazami likiwa mkononi. Namwomba alivae nione linakosea wapi. Nikamwambia, “Muzee, tuende ukae nikuone.”

Akaketi. Nikasimama kwenye mlango uliofunguliwa, nikamtazama kwa ubavu, kama ninavyomtazama mteja mbele ya kioo. Magoti yake yalikuwa juu kuliko nyonga, yamebanwa karibu na usukani. Mgongo wa kiti ulikuwa umelala nyuma mno, kwa hiyo ili aone mbele ilimbidi arushe shingo na mabega, kama kobe. Nyuma ya kiuno chake palikuwa na nafasi tupu. Niliomba ruhusa nikapitisha mkono, ukapita mzima mpaka kwenye kiwiko. Na shati lake lilisema yote. Mikunjo ilikuwa imejazana tumboni, huku nyuma kitambaa kimevutika kikawa kama ngozi ya ngoma. Katika kazi yetu mikunjo haidanganyi: pale nguo inapojikunja, ndipo mwili unapobanwa.

“Hii kiti ni weye uliipanga hivi?” nikamuuliza.

“Hapana. Niliikuta vile.”

“Na ile vidude ya pembeni, haujagusaka?”

“Ile inaweza kuharibika,” akasema. “Na hapa Bunia nani atatengeneza?”

Basi miaka miwili alikuwa ameketi katika kiti kilichopangwa kwa mwili wa mtu mwingine. Nilimfikiria mtu huyo asiyejulikana, mwenye miguu mifupi, aliyependa kujilaza nyuma anapoendesha, pengine katika nchi yenye barabara zisizo na shimo. Nilijiuliza kama mgongo wake yeye ulikuwa mzima.

Niliomba niketi mimi. Alisitasita, akavua viatu vyangu kwa macho, nami nikaelewa nikaviacha nje. Ngozi ilikuwa baridi chini na ya joto pale alipokuwa ameegemea. Pembeni mwa kiti, upande wa mlango, vidole vyangu vilikuta vidude vinne vilivyokaa kama viungo vya mdoli. Nikasukuma kimoja. Kiti kikaanza kwenda nyuma polepole, kwa mlio mdogo kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nikaondoa mkono haraka, kikasimama.

Muzee aliingiza kichwa mlangoni. “Inatembea,” akasema. “Gari yangu inatembea.” Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akicheka tangu mwaka uanze.

Ndani ya kisanduku cha mbele kulikuwa na kitabu cha gari. Kilikuwa cha Kijerumani, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyejua hata salamu yake. Lakini kilikuwa na michoro: mtu asiye na uso, amechorwa kwa ubavu, ameketi, na mishale imemzunguka. Mimi kushona nilijifunza kwa vitabu vya namna hiyo, vya kutoka mbali, ambavyo maandishi yake sikuyasoma. Niliomba kukiazima. Usiku huo sikukifungua, kwa kuwa taa zilizimwa mapema kuogopa wenye silaha waliopita. Asubuhi nikakifungua juu ya masini na kukitazama kama ninavyotazama patroni, mchoro wa kukatia suti.

Mchana ule nilikwenda na metre yangu shingoni. Nikampima muzee kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, na kutoka goti mpaka mwisho wa kiuno. Mke wake alileta kiti cha mbao akaketi kutazama.

“Unamushonea suruali?” akauliza.

“Namushonea kiti, mama.”

Nilimwambia kwanza asukume makalio mpaka nyuma kabisa, maana alikuwa na tabia ya kuketi ukingoni kama mgeni. Ndipo tukarudisha kiti nyuma hadi mguu wake uifikie pedali huku goti likibaki limekunjika kidogo. Nikaona ukingo wa kiti unambana nyuma ya magoti, tukasogeza tena mpaka vidole vyangu viwili vikapita. Tukakipandisha ili nyonga zisizame chini ya magoti, lakini si sana, kwa sababu ya lile paa lililokuwa likimgonga kichwa. Mgongo wa kiti tukausimamisha. Hapo alilalamika.

“Hii ni sawa kanisani,” akasema.

“Ngojea kidogo, muzee. Sikiliza habari zako, utaniambia.”

Kidude cha nne kilitushinda. Nilikibonyeza mara nyingi kiti kikiwa kitupu na hakuna kilichosogea, tukakubaliana kwamba kimekufa. Alipokuwa ameketi nikakijaribu tena, kwa ukaidi tu. Muzee akageuka nyuma.

“Kuna mutu amenisukuma,” akasema.

Hapakuwa na mtu. Ndani ya mgongo wa kiti, pale pale palipokuwa na ile nafasi tupu, kitu kilikuwa kikivimba polepole na kumjaza kiuno. Nikabonyeza upande mwingine, kikanywea. Mkewe aliinuka kuja kugusa. Tulikivimbisha na kukinywesha mara tatu, wote watatu, mpaka muzee akasema batri itaisha bila habari.

Siku hizo mtaa wetu ulikuwa umenyamaza. Watu waliosalimiana miaka kumi walikuwa wakipita upande wa pili wa njia kwa kuogopana. Kwangu barazani zilining'inia nguo zilizokamilika ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua: gauni la ubatizo, suruali mbili za mwalimu, blauzi ya kitenge ya mama mmoja niliyempima mwezi uliopita. Nilijua upana wa mabega yao, na sikujua walipo. Labda ndiyo sababu kile kiti kilinishika akili. Ni kitu kilichokuwa na jibu.

Baada ya wiki moja shingo ilipona, na maumivu ya mgongo yakapungua. Lakini upande mmoja, wa kulia, ulikataa. Nilirudi kwenye michoro, nikampima tena, nikachungulia chini ya kiti kama kuna kitu kimekwama. Hakukuwa na kitu. Nilimtazama kwa mbele badala ya ubavu, na ndipo nikaona bega moja limeshuka. Alipotoka nje na kusimama, mabega yakawa sawa.

“Mama,” nikamwambia mkewe, “niletee beseni na maji kidogo.”

Tuliliweka beseni chini ndani ya gari, pale miguu inapokaa, tukangoja maji yatulie. Yalitulia yakiwa yamelala: upande wa mlango wa kulia yalikaribia ukingo, upande mwingine yalikuwa chini vidole vitatu. Muzee alichuchumaa kwa shida akatazama chini ya gari. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, na matofali ya upande ule yalikuwa yamezama.

“Gari mzima imelala,” akasema. “Na mimi nilifikiri ni mifupa yangu.”

Alileta kriki, tukaliinua gari polepole huku mkewe akisukuma matofali mengine na kipande cha ubao. Katikati ya kazi risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Tulisimama, tukasikiliza kama zinakaribia. Hazikukaribia. Tukaendelea, na mara hii maji katika beseni yakakaa sawa kila upande.

Baada ya siku chache nafuu ilionekana katika mwendo wake. Na mimi, niliporudi kwenye masini, nikajiangalia. Nilikuwa nimekunja mgongo juu ya sindano miaka kumi na miwili, nikiamini kwamba maumivu ya jioni ni sehemu ya kazi kama vumbi la uzi. Nikawekea kiti changu vipande vya ubao chini ya miguu, nikaisogeza masini karibu na tumbo, nikafunga kile kijimto kilichoshindwa nyuma ya kiuno. Sikuacha kuumwa kabisa, ila nilianza kushona mpaka jioni bila kusimama kujinyoosha kila saa.

Kisha mapigano yakaingia mtaani kwenyewe. Asubuhi ile hakuna aliyeaga mwenzake. Jirani na mkewe waliondoka kwa miguu na umati ulioelekea Marabo, Komanda, hadi Beni. Mimi nilikimbilia kambi iliyojaa karibu na uwanja wa ndege, kichwa cha masini juu ya kichwa changu, miguu yake ya chuma nimeiacha. Nililala chini ya shitingi na familia nisizozijua kwa wiki nyingi.

Askari wa kigeni walipokwisha kushika mji nilirudi. Nyumba yangu ilikuwa na kuta na paa, nikashukuru. Muzee alirudi peke yake miezi kadhaa baadaye kuangalia mali yake, na akaja kunichukua barazani twende tuone pamoja. Mahindi yalikuwa yamebebwa yote, na magurudumu yameachwa wazi sakafuni. Gari lilikuwa bado juu ya matofali. Vioo vilikuwa vimevunjwa, redio na batri havipo. Na kiti cha dereva hakikuwepo.

Nilimwangalia usoni, nikingoja hasira. Aliinama akatazama sakafu ya gari.

“Angalia,” akasema. “Hawakuvunja. Bulo zote nne zimefunguliwa muzuri, na ufunguo yake. Mutu alikuwa na wakati.”

Tuliyatazama yale matundu manne ya bolti. Mtu aliyechukua alijua kazi, na alichagua hicho kimoja, akaacha vingine. Hatukumjua, na mpaka leo sijui kiti kile kilikaliwa na nani.

“Na mugongo, muzee?” nikamuuliza tulipokuwa tukirudi.

“Tulitembea mpaka Beni na mizigo,” akasema. “Miguu iliota vidonda. Mama alizimia mara mbili juu ya njia. Mugongo haikuniuma hata siku moja. Miye mwenyewe sielewi.”

Aliuza kilichobaki cha gari vipande vipande, akarudi Butembo kwa mkewe, na hakuhamia tena Bunia. Mume wangu alitoka Kisangani mwaka uliofuata, amekonda, na tukaanza upya.

Magari mengi yaliingia mjini wakati huo, makubwa ya mizigo na ya mashirika, na madereva wake waliketi siku nzima wakirushwa na mashimo ya njia ya Komanda na Mambasa. Mmoja aliniletea kiti kilichopasuka nikishone. Kabla ya kugusa uzi nilimwomba aketi nimtazame kwa ubavu. Alishangaa, akaketi. Akawaambia wenzake, na mpaka leo kazi yangu kubwa ni viti vya magari, nguo nimewaachia wengine.

Juzi dereva mmoja aliniuliza kwa nini kiuno chake kikibanwa ganzi inashuka mpaka kidole kikubwa cha mguu. Nikamwambia sijui. Jioni nilikwenda kituo cha afya kumuuliza muuguzi, naye akanichorea uti wa mgongo nyuma ya karatasi, pingili kwa pingili, na nyuzi zinazotoka katikati yake kushuka miguuni. Nilielewa nusu. Nimemwomba niende tena Alhamisi, akiwa na nafasi.