Soksi Zisizofuliwa

Begi la mpira la mwanangu lilikuwa limekaa siku tatu nyuma ya mlango. Leo nimelifungua, na ile harufu chachu ya jasho lililolala ikanirudisha kwenye flati yetu ya utotoni, mtaa wa Doornfontein.

Baba alikuwa golikipa baada ya saa za kazi. Mwaka ule timu yao ndiyo kwanza ilianza kulipa wachezaji, na ikawa inafungwa kila mechi. Kocha akatoa sharti: hakuna kufua jezi mpaka washinde, maji yataondoa bahati. Baba akaniambia, "Na wewe, mwanangu, usifue soksi zako za shule. Tuko timu moja."

Sikuzifua. Zilikakamaa hadi zikasimama zenyewe. Darasani wenzangu waliziba pua na kusogeza viti, mwalimu akaniketisha peke yangu dirishani. Nilivumilia muhula mzima bila kusema kitu, maana siri ya timu haitolewi nje.

Siku ya mechi ya mwisho baba alinikumbatia kando ya uwanja. Jezi yake ilinukia sabuni.

"Baba, umeifua?"

"Eish, naifua kazini kila wiki," akasema akicheka. "Ningevaaje uchafu mbele za watu?"

Akakimbilia golini. Wakafungwa manne.

Nilizivua soksi zangu palepale kwenye nyasi, nikalia kwa kwikwi. Mke wa kocha akaja kunipapasa mgongo.

"Nyamaza, mama," akanibembeleza. "Baba yako kajitahidi."