Tangi la Mkunga

Mume wangu hakuwa mtu wa kufuga. Paka wa jirani akiingia jikoni alimfukuza kwa kandambili, na kuku niliowahi kuwaweka nyuma ya nyumba aliwalalamikia mpaka nikawauza. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka kuvua na binamu yake huko Mwache, akatua jerikeni kando ya cherehani yangu na kuniambia nisiifungue, niliifungua papo hapo. Ndani mlikuwa na mikunga wawili wa mtoni, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, rangi ya tope. Nikamwambia mimi sipiki kitu chenye umbo la nyoka.

"Hawakuja kupikwa," akasema. "Wamekuja kukaa."

Tulikuwa tunaishi Port Reitz, kwenye nyumba ambayo ndege ikishuka vikombe hugongana kabatini. Watoto walikwisha kuondoka, kila mmoja na mji wake. Yeye alikuwa dereva wa kreni bandarini kule Kipevu, kutwa yuko juu kwenye kijumba cha kioo akiteremsha makontena, na mimi nilikuwa nashona nyumbani, sare za shule na magauni ya harusi. Alimtafuta fundi wa vioo, wakachukua kabati la maonyesho la duka lililofungwa, wakalikata na kuliunga upya kwa gundi mpaka likawa tangi refu kama benchi. Chini akamwaga changarawe, akaweka vipande vya bomba la plastiki ili wapate pa kujificha, na kimashine cha kupuliza hewa ambacho kilinguruma usiku na mchana. Mwezi wa kwanza nilitamani kukitupa barabarani. Mwezi wa pili kikizimika kwa sababu ya umeme nilikuwa nashtuka.

Maji kwetu huletwa kwa mkokoteni. Yana dawa, na dawa ile huwadhuru samaki, kwa hiyo lazima yalale kwenye ndoo wazi siku mbili kabla ya kutiwa tangini. Kazi hiyo, bila kuambiwa, ikawa yangu. Yeye alikuwa na mikunga, mimi nilikuwa na ndoo.

Mkunga hutoroka. Hilo hakuniambia, au hakulijua. Asubuhi moja nilivuta kiti changu nikamkuta mmoja chini ya cherehani, mkavu, amevaa nyuzi na vumbi la vitambaa mwili mzima. Mume wangu alimzika chini ya mpapai na siku hiyo hakula chakula cha mchana. Tangu hapo tangi likafunikwa kwa ubao na juu ya ubao matofali mawili, na yule aliyebaki akakaa peke yake miaka mingi, akinenepa kwa nyungunyungu na vipande vya dagaa, akitoa kichwa kwenye bomba kila aliposikia sauti ya mwenyewe mlangoni.

Majirani, ndio walionipandisha hasira. Kwetu Pwani mtu akisikika ana kiumbe kirefu chenye utelezi ndani ya nyumba, watu hawaulizi ni samaki gani. Wanasema anafuga nyoka wa mali, yule anayempa tajiri wake fedha kisha anadai damu ya mtu wa nyumbani. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni, akaona kichwa kinatoka kwenye bomba, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari. Tulipobadilisha vigae vya jikoni, vigae vikawa vya nyoka. Wateja wangu wakaanza kuniomba niwapimie barazani, ati ndani kuna joto. Mimi nilikuwa nachemka. Yeye alicheka mpaka akajifuta macho, na jirani aliyethubutu kumuuliza ana kwa ana alimjibu, "Akianza kuleta mali nitakuita, ndugu yangu. Tutagawana."

Kisha akaugua, na kicheko kikatuishia.

Ilianza kwa miguu kuvimba. Viatu vya kazi vikakataa kuingia, halafu ngazi za kreni zikamshinda, halafu hospitali wakatuambia ni figo. Ikawa mara mbili kwa wiki anakwenda kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na siku za katikati anakaa nyumbani. Chakula tulielezwa, dawa tulielezwa. Lakini lililotutesa lilikuwa maji. Mwili wake haukuwa tena na njia ya kuyatoa, kwa hiyo akinywa zaidi ya kiasi yanapanda kwenye mapafu. Daktari alinionyesha kiasi cha asubuhi na cha jioni. Nilichukua glasi yake, nikaifunga uzi mwekundu wa cherehani pale maji yanapotakiwa kukoma. Uzi ule ulikuwa chini sana. Nilimnyima maji mwanamume niliyeishi naye tangu nikiwa msichana, na nilimnyima kwa sababu nilimpenda, na bado kila mara nilipoondoa glasi mkononi mwake nilijichukia.

Na yeye alikaa wapi kutwa? Mbele ya tangi. Alivuta kiti, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akakaa. Nilipotaka kubadilisha maji nilingoja alale, nikiona aibu kumwaga ndoo nzima nzima mbele ya mtu mwenye midomo iliyopasuka. Aligundua, akakasirika.

"Mwaga nikiwa macho," aliniambia. "Tena mwaga polepole, niyasikie."

Nikamwaga polepole. Alifumba macho akisikiliza. Mimi nilienda jikoni nikalia na sufuria mkononi, kisha nikarudi kushona.

Dada yake mkubwa alikuja kutoka Mariakani kumwona. Ni mama wa maombi, mkarimu, alimlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, na siwezi kumsema vibaya. Lakini sebuleni hakuingia. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na chai yake nikampelekea huko huko.

"Wifi," akaniambia, "mtoeni huyo mdudu. Ndiye anayemnywa ndugu yangu. Wewe huoni? Yule anazidi kunenepa, huyu anazidi kukauka."

Nikamjibu kwamba ni samaki, na kwamba samaki hasababishi ugonjwa wa figo. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko heshima inavyoruhusu. Mume wangu alisikia kutoka ndani, akaita, "Dada, shikamoo. Njoo umwone mwenyewe, ana uso wa baba yetu." Dada hakucheka. Alisali pale pale kwenye ngazi, kisha akaondoka bila kugusa chai.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, mkunga alibadilika. Aliacha kula. Tumbo lililokuwa la manjano likawa jeupe lenye kung'aa, na macho yake, yaliyokuwa madogo kama mbegu za ufuta, yakawa makubwa na meusi. Hakulala tena kwenye bomba. Alizunguka tangi bila kupumzika, akigonga pua kwenye kioo cha upande uleule, mpaka pua ikachubuka. Nilidhani anaumwa. Nilibadilisha maji mara nyingi zaidi, nikamkatia dagaa vipande vidogo kama vya mtoto.

"Haumwi," mume wangu akasema. "Amekomaa. Huko kwetu wazee walimjua. Mkunga hukaa mtoni maisha yake yote, lakini akishakuwa na macho hayo hutaka bahari. Hushuka na mafuriko, huenda kuzaa mbali huko kwenye kina, na harudi. Mvua zikianza mpeleke Mwache."

Nikasema sawa. Mvua zikaanza, na sikumpeleka. Jumatatu nilikuwa na sare za kumaliza. Jumamosi tuktuk hazikupatikana. Wiki nyingine nikasema njia ina matope. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi niliyewacheka majirani kwa nyoka wao wa mali, nilikuwa na imani yangu mwenyewe, tena mbaya kuliko yao. Wao waliamini mkunga yule anamuua mume wangu. Mimi niliamini ndiye anayemshikilia. Alimradi mmoja yuko kwenye tangi, mwingine atakuwa kwenye kiti. Nilijua ni upuuzi na niliushika kwa mikono miwili.

Jioni moja, akiwa ametoka kwenye mashine na sauti imemwisha, alinishika kiganja.

"Mama watoto, umeona pua yake?"

"Nimeiona."

"Basi mwachie aende. Na mimi usiniogopee. Mimi nitakwenda siku yangu, awepo asiwepo."

Sikuwa nimemwambia neno hata moja kuhusu hofu ile.

Kesho yake tulikodi tuktuk. Nilimteka mkunga kwa ndoo yenye kifuniko, nikaikumbatia mapajani njia nzima, akipiga ndani kama moyo wa mtu aliyekimbia. Mume wangu alikaa kando yangu amefunikwa shuka. Pale mto unapoingia kwenye hori la bahari maji yalikuwa mekundu kwa mvua. Hakuweza kushuka, kwa hiyo dereva alisogeza tuktuk hadi ilipoweza kufika, nami nikavua viatu nikapita kati ya mikoko, matope hadi magotini, umri wangu huu. Niliinamisha ndoo. Alitoka mara moja. Hakusita, hakuzunguka kama nilivyotarajia. Niliona mgongo wake mara moja kwenye maji mekundu, kisha maji matupu.

Niliporudi aliniuliza, "Ameendaje?"

"Hakuaga," nikasema.

Akatabasamu. "Vizuri."

Aliishi mpaka mwisho wa mvua. Kiti chake hakukihamisha. Alikaa mbele ya tangi la maji matupu kama zamani, na mimi, sijui kwa nini, niliendelea kuwasha kile kimashine cha hewa mpaka asubuhi niliyomkuta amelala upande, ameshatutoka, mkono umening'inia nje ya kitanda. Nilikizima mwenyewe. Nyumba ikawa na kimya ambacho sikukizoea.

Watu walijaa kabla ya safari ya kwenda kuzika. Nilikaa kwenye mkeka na sikuhusika na kitu. Akina mama wa kanisa kutoka mitaa mingine, wasiojua lolote, walihitaji chombo kikubwa cha maji ya kunywa kwa wageni, maana jua lilikuwa kali. Wakaliona tangi, ambalo watoto walikwisha kulimwaga, kulitoa changarawe na kulikausha. Wakalitoa uani, wakalisugua kwa sabuni na maji moto, wakalijaza, wakatia mabonge ya barafu. Nikawaona kupitia mlango, nikawaacha. Majirani waliokataa kupimiwa magauni sebuleni kwangu walipanga mstari, kila mtu akateka na kunywa, wengine wakamwaga kilichobaki chini.

Wifi yangu alifika mwisho, vumbi la njiani limemjaa na macho yamevimba. Alilitazama tangi, akalijua. Kisha akachukua glasi iliyokuwa karibu, ile yenye uzi mwekundu, ambayo mtu alikuwa ameitoa jikoni pamoja na vyombo vingine. Akateka maji, yakapita uzi, yakafika ukingoni, yakamwagikia vidole vyake. Akanywa yote bila kupumua, akateka tena, na hakuna aliyemzuia.