Nusu Siku ya Napoli

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutoa kwetu Unguja tukiwa hatuna kitu akatufikisha Maskati salama, na aliyenipa subira ya kuwasikiliza watu. Subira hiyo niliihitaji sana miaka ile ya mwanzo, kwa ajili ya binamu yangu mmoja.

Huyu binamu alikuwa amekwenda Uingereza kwa meli kutoka Mombasa, na njiani meli ikatia nanga Napoli, mji wa bandari wa Wataliana. Ilifika asubuhi, ikaondoka jioni. Kwa nusu siku ile binamu yangu akawa bingwa wa Italia. Uingereza, alikokaa miezi, hakuitaja, maana wengi walishafika. Lakini Napoli ilikuwa yake peke yake. Alijua Wataliana wanavyooana, wanavyolea watoto na wanavyozikana. Ukimuuliza alifika wapi hasa, ni kutoka gatini mpaka mkahawa wa mbele ya gati, na kurudi. Huko alinunua miwani myeusi. Siku zile huku Maskati ilikuwa marufuku, kwa amri ya Sultani, kuivaa njiani, basi akiivaa ndani ya majumba ya watu, akijikwaa kwenye mito na mabirika ya kahawa.

Akaniomba nifuatane naye kwenda kumposa binti mmoja. Binamu yangu alimtaka kweli, hata chakula kilikuwa hakimshuki. Baba wa binti alikuwa mzee wa Kiunguja kama sisi, aliyerejea Omani zamani, msomi wa dini mwenye maneno machache. Njiani nikamuusia binamu yangu: leo Napoli iache nyumbani. Akaniitikia vizuri sana.

Hatukumaliza tende za mwanzo, Napoli ikaingia. Alitaka mzee ajue kuwa ni mcha Mungu, akasimulia alivyosali alasiri pale gatini, Wataliana wamesimama wanamtazama. Mzee akamuuliza aliijuaje kibla.

"Nilimuuliza baharia kaskazini iko wapi, Ami, nikaelekea huko huko."

Nikainamisha kichwa. Sisi Unguja tumekua tukisali kuelekea kaskazini, maana Makka iko huko. Maskati misikiti ikatugeuza kuelekea magharibi, nasi tukafuata safu bila ya kufikiri. Binamu yangu aliichukua kibla ya Unguja mpaka Ulaya, pamoja na sanduku lake la nguo.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "ulikuwa umeshaipita Makka. Uliipa mgongo. Hukujua, na Mola ni mwingi wa kusamehe. Irudie sala yako tu, yatosha."

Nilimwona mzee alivyolainika. Ilitakiwa ahsante moja tu, na posa yetu ingepokelewa. Binamu yangu akaiweka sawa miwani yake.

"Ami, wewe hujafika Ulaya. Kule mambo ni mengine kabisa."

 Mzee akaagiza chetezo. Kikaletwa, udi ukapitishwa mbele yetu. Kwa Waomani, udi ukishapita, mgeni huinuka akenda zake, na sisi posa tulikuwa hatujaitaja. Binamu yangu desturi za Napoli alizijua zote, hii ya nyumba ya jirani hakuijua. Akaifunua kanzu yake akajifukiza, akaivua na kofia akaifukiza, akamshukuru mzee kwa heshima aliyotufanyia, akatoka ananukia kama bwana harusi.

"Umeona alivyotufukiza?" akaniambia njiani. "Unaonaje, harusi iwe kabla ya Ramadhani au baada yake?"

Nikamweleza udi ule maana yake nini, kwa upole kadiri nilivyojaaliwa. Tukafika kwake hajaitaja Napoli hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Binti akaja akaolewa na kijana wa Matrah, mji wa hapo jirani tu, ambaye hajapanda meli maisha yake. Binamu yangu mpaka leo husema kuwa yule mzee alikuwa mtu mwema, ila hakutembea duniani.

Nawe unayesoma, Mola akupe afya na watoto wema, na akujaalie wepesi wa kukubali unapoambiwa umekosea. Amin.